Unataka kuwasaidia wanawake wa Afghanistan? Muulize mwenyewe kwanza

Dada zangu wengi walioko huku Ulaya wananiuliza wafanyeje kuhusu wanawake wa Afghanistan, maana kila wakiona habari wanaumia halafu wanaishia kushea picha tu. Mimi naishi Hamburg, mji wenye Waafghani kibao, na jioni nafundisha Kiingereza cha mazungumzo onlaini kwa mabinti walioko kule kule, wengine Kabul wengine Herat, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

La kwanza kabisa, achana na skrinshoti. Darasani kwetu kamera zinazimwa, majina wanayotumia si yao, harekodi mtu. Lakini kila akija mwalimu mpya wa kujitolea, hata hajazoea sauti zao, ashaanza kuomba picha ya pamoja ya kuweka Instagram! Jamani. Shabana Basij-Rasikh, mwenye shule ya bweni ya wasichana inayoitwa SOLA, Taliban walipoingia Kabul Agosti 2021 alichoma moto rekodi za wanafunzi wake ili wasijulikane wao wala familia zao, kisha akawahamisha karibu watu 250, wanafunzi, walimu na ndugu, wakaenda kuanza upya kwetu Afrika Mashariki, Rwanda. Sasa mwenye shule kachoma makaratasi, wewe majina yao kwenye simu unayaweka ya nini?

Halafu kuna hii ishu ya kupiga kelele. Januari 2022 Tamana Zaryabi Paryani na Parwana Ibrahimkhel walikamatwa Kabul baada ya kuandamana kudai mkate, kazi na uhuru, watu dunia nzima wakapaza sauti, mwezi uliofuata wakaachiwa. Kwa hiyo kelele zina kazi yake. Ila kuna familia nyingine inakuomba kabisa usimtaje binti yao aliyekamatwa kwa sababu wazee wako kwenye mazungumzo ya kumtoa, na hapo ukiposti kwa hasira zako unaweza kuharibu kila kitu. Subiri familia iseme, wakisema posti, posti usiku kucha, wakisema nyamaza, nyamaza hata kama inakuchoma.

Na msaada wenyewe unaoombwa ni wa kawaida mno. Shule kwa wasichana mwisho darasa la sita, vyuo vikuu wakafungiwa Desemba 2022, mwezi huo huo wakakatazwa kufanya kazi kwenye NGO, Desemba 2024 ikafika zamu ya mafunzo ya ukunga na uuguzi (na nchi yenyewe mwanamke anatakiwa atibiwe na mwanamke, sijui hao watatoka wapi). Kwa hiyo binti anakuomba bando, cheti kinachotambulika, au mtu wa kumsomea barua yake ya maombi ya skolashipu na kumwambia ukweli kama imekaa vibaya. Mpe hicho. Masomo yatume kwa sauti fupi na mafaili mepesi ya kupakua, usitegemee video kwa kila kitu, maana mtandao wenyewe ni wa kubahatisha na mwishoni mwa Septemba 2025 walizimiwa intaneti nchi nzima kama siku mbili hivi.

Waliofika uhamishoni nao wana yao. Huyo Tamana baadaye aligoma kula huko Köln, 2023, akitaka dunia iyatambue haya kuwa apatheidi ya kijinsia, yaani mfumo mzima wa kuwabagua wanawake. Lakini wapo wengine, jaji, profesa, mwandishi wa habari, leo yuko darasa la Kijerumani asubuhi na kufanya usafi jioni, halafu anaitwa kwenye makongamano aeleze machungu yake bure, anapigwa makofi, anarudi nyumbani kwa nauli yake. Ukimwalika mlipe. Nauli mpe kabla hajatoka nyumbani. Shika mtoto wake wakati yuko mkutanoni, msindikize ofisi ya uhamiaji, mwandikie mbunge wako kuhusu wenzake waliokwama Pakistan wakisubiri viza huku wakiogopa kurudishwa. Hayo hayana picha nzuri ndio maana watu hawayagombanii.

Sisi Waislamu wa pwani tuna nafasi ambayo Mzungu hana. Kila msibani au harusini hakosi mjomba wa kusema "si ndiyo sharia yao hiyo, waacheni". Mimi namjibu taratibu, mjomba shikamoo, Desemba 2022 Sheikh Mkuu wa Al-Azhar ya Misri, Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kwamba kuwafungia wanawake vyuo kunapingana na sharia, na mimi juzuu yangu ya kwanza nilifundishwa Tanga na mwanamke. Huwa anabadilisha mada. Na wanafunzi wangu wenyewe hawapendi kabisa vita yao ifanywe eti ni vita na Uislamu, wengine tunasimamisha somo waswali kwanza, kwa hiyo ukienda kuwasemea mahali chunga sana hapo.

Ukiamua kufundisha, angalia saa yako vizuri. Kabul iko mbele ya Dar kwa saa moja na nusu, na hiyo nusu ndiyo walimu wanaisahau, wanafunzi wanakaa hewani wanasubiri huku bando linaliwa.