Njia inaliwa na mvua, vijana wametokomea
SWALI: Hapa Lushoto tuna njia ya watembeaji ya kupanda mlimani, siku ya kwanza walikuja vijana kibao kufyeka, sasa nimebaki na jembe langu tu na mvua inachimba mtaro katikati. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kule Marekani kuna njia ya watembeaji inaitwa Appalachian Trail, inapita majimbo 14, kilomita zaidi ya 3,500, na wanaoitunza wengi ni wa kujitolea, kila klabu na kipande chake. Na wewe gawa hivyohivyo, watu wawiliwawili, wapewe kipande wanachopitaga kila siku. Halafu msifyeke tu, maji ndo adui, lazeni gogo kwa mshazari kukatiza njia ili yatoke pembeni kabla hayajashika kasi. Na uji uwepo jamani, mtu hachimbi na njaa.