Ukipewa kuigiza mume anayepiga, usianze na kelele

Watu wa drama hapa Malindi tunapenda sana stori za nyumba, na stori za nyumba ukizichimba kidogo tu unakuta kuna kipigo ndani, kwa hivyo karibu kila kikundi cha vijana kina igizo lake la mume mkali na mke analia. Mimi nimekaa kwenye hivi vikundi miaka, huyo mume nimemcheza sana, na siku hizi nawasimamia wadogo wanaorekodi filamu fupi kwa simu huku Barani na Shella. Kitu ninachowaambia ni kimoja tu na nakirudia mpaka wananichoka: sisi tunaigiza ngumi, hatuigizi nyumba.

Hebu anza na mume. Kijana akipewa hiyo sehemu, kwanza anatoa macho, sauti inapanda, mshipa wa shingo umesimama, yaani dakika ya kwanza ashafika mwisho, sasa dakika ya kumi ataenda wapi? Na mtazamaji anakaa raha mustarehe manake huyo anayemuona ni shetani, si babake, si shemeji yake. Mkorofi wa kweli mnamjua nyote, ni mtu wa salamu, jioni yuko barazani anachekesha wenzake, msikitini yuko safu ya mbele, ukiambiwa anapiga mke utaapa si yeye. Na yeye mwenyewe hajioni mbaya hata kidogo, anaona yeye ndo kaonewa, chakula kimechelewa, pesa hakuna, humu ndani hakuna anayemheshimu. Mcheze akiwa na haki yake kichwani. Sini yangu iliyowakaza watu zaidi sikuinua hata mkono, nilikuwa nachovya mkate wa mofa kwenye mchuzi namuuliza mke polepole, "Mchana ulikuwa unaongea na nani kwa simu?" halafu naendelea kutafuna.

Mke naye si machozi. Dada mmoja niliyefanya naye kazi, akisikia pikipiki inazimwa nje anafanya mambo matatu kwa mpigo bila kufikiri, anapunguza TV, anasukuma ndara za watoto kwa mguu zisikae njiani, anashika chai kuona kama bado ina moto. Hakuna neno hata moja, na ukumbi mzima ukajua anayeingia ni mtu gani. Skripti haikuandika hayo, aliyatoa mwenyewe, na mimi nikamwambia mwandishi afute mistari yote iliyokuwa inafuata.

Mwenye kutaka kuona hii kazi imefanywa sawasawa atafute filamu ya Waingereza inaitwa Nil by Mouth, ya 1997, aliiandika na kuiongoza Gary Oldman, yule yule mwigizaji, lakini ndani yake haonekani. Ni maisha ya kusini-mashariki mwa London, mtaa aliokulia mwenyewe. Nawaonya mapema, matusi yako kila sentensi, usije ukaiweka sebuleni bibi yupo. Ray Winstone ndo mume na Kathy Burke ndo mke, na Burke alichukua zawadi ya mwigizaji bora wa kike Cannes mwaka huo huo. Mtazame anapokuwa uso umevimba anamwambia mamake amegongwa na gari. Mama anajua, mtoto anajua kwamba mama anajua, na bado ule uongo unasemwa kwa utulivu kama habari ya soko, hapo ndipo mimi nilisimamisha nikatoka nje kidogo. Na huyo mama, Laila Morse, ni dadake Oldman wa damu, ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuigiza! Kwa hivyo anayeniambia hana mafunzo ndo maana hawezi, simsikilizi.

Winstone naye kuna mahali amekaa na rafiki yake anamhadithia habari za babake, kwamba hakumbuki hata kubusiwa na yule mzee. Unamuonea huruma, na huruma hiyo inakuudhi manake umeshaona alichomfanyia mkewe mwenye mimba. Sisi hapa tungeweka polisi wanaingia, ama mume analia mbele ya kadhi anaomba msamaha, halafu muziki. Ile inaishia familia iko pamoja ndani inacheka, na wewe hujui ucheke nao ama uwahurumie. Mimi napenda hivyo, najua wengine hampendi.

Kwa waandishi, someni sheria ya 2015 ya Kenya ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani. Haihesabu ngumi peke yake, humo kuna kunyimwa pesa, kutishwa, kufuatwafuatwa. Ni sini ngapi hizo mnaziacha bure kwa sababu mnasubiri kofi?

Na kofi likibidi liwepo, anayepigwa ndo anayeendesha. Kamera ikae nyuma ya mpigaji, mkono upite hewani mbele ya uso, sauti mtaweka baadaye. Kushikwa nywele, anayeshikwa ndo anashika mkono wa mwenzake kwa mikono miwili na kujivuta mwenyewe. Mfanye polepole kabisa mpaka mzoee, na muwe na neno moja la kusimamisha kila kitu ambalo haliko kwenye skripti, manake "niache" na "basi" tayari yako kwenye skripti. Majirani waambieni kabla, sisi mama mmoja alikuja mlangoni na mwiko mkononi anauliza kuna nini humo, na alikuwa sawa kabisa kuja. Mkimaliza, badilisheni nguo, itaneni majina yenu ya kweli, kunyweni chai pamoja, msimuache mtu akaenda nyumbani peke yake na ile hali. Siku ya kuonyesha wekeni mwisho namba 1195, ya simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni ya bure, kuna watu kwenye hivyo viti hawakuja kutazama maigizo ya mtu mwingine.

Mtoto asiwepo kabisa wakati wa sini ya kipigo, hata kama mamake amekubali, hata kama yeye mwenyewe anasema haogopi. Mrekodini peke yake siku nyingine. Sisi tulimwambia msichana mdogo akae kitandani asikilize nje kama muuza aiskrimu anakuja, akatulia tuli, macho mlangoni, mdomo wazi kidogo, na tulipounganisha na kelele za chumba cha pili watu walidhani tumemtesa. Mamake alikuwa amekaa pale pale pembeni, na aiskrimu tulimnunulia.