Maswali na majibu: Kura ya Machi ndiyo inayokugusa

Wiki hii najibu ndugu zetu walioko Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani ambako mikutano ya miji, yaani siku wakazi wanapopigia kura bajeti na mambo ya mji wao, hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi.

*Kaka, nina kadi ya kijani (kibali cha ukaaji wa kudumu, bado si raia) na naishi Winooski. Jirani ananiambia naruhusiwa kupiga kura. Ni kweli?*

Ni kweli, ila ni kura ya mji na shule tu. Mwaka 2021 Bunge la Vermont lilizirekebisha hati za kuendesha miji ya Winooski na Montpelier, Gavana Phil Scott akapinga kwa kura ya turufu, wabunge wakaipindua. Burlington ikafuata 2023. Uwe na miaka 18, uwe mkazi wa mji huo, na uwe nchini kihalali. Karani wa mji anakuandika kwenye orodha yake ya pekee, siyo daftari la raia.

Sasa nisikilize vizuri. Kumpigia kura rais, seneta au mbunge wa Washington kabla hujawa raia ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1996, na linaweza kukufukuzisha nchini. Hatari kubwa iko kwenye ofisi ya leseni za udereva, maana huko Vermont inaandikisha pia wapiga kura. Usitie alama kwenye swali la uraia usilolielewa, hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, kwa hiyo ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaenda hata kwenye kura hiyo ya mji.

*Na sisi wenye kadi tulioko Colchester?*

Hapana. Nimetaja miji mitatu, na Colchester haimo. Kila mwaka naletewa swali hili, kila mara kwa jina la mji mwingine.

*Mimi ni raia tayari. Napiga kura Novemba ya rais. Machi kuna nini cha maana?*

Kuna mshahara wa mwalimu wa mwanao. Kuna lori la kukwangua theluji mbele ya mlango wako, maktaba, zimamoto, na kodi ya majengo. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule za jimbo zima zilikataliwa na wapiga kura, na shule zikalazimika kurudi na hesabu zilizopunguzwa. Bajeti inapokatwa, mimi nawahofia kwanza walimu wa Kiingereza kwa wageni na wakalimani, yaani watu wetu. Halafu nakutana na wazazi wanaokesha wakibishana kuhusu Washington, lakini ukiwauliza jina la diwani mmoja wa mji wao wanakutazama tu. Hilo linaniuma. Kwenye uchaguzi wa mji wanaojitokeza ni wachache, na kura chache tu zinaweza kuamua.

*Vermont si ya Democrats tangu zamani? Kura yangu itabadilisha nini?*

Soma matokeo vizuri. Mwaka 2020 karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimchagua Biden, na kwenye uchaguzi huohuo wakamrudisha Scott, ambaye ni Republican, kwenye ugavana. Amekuwa akishinda kila baada ya miaka miwili tangu 2016. Kaunti ya Essex, huko msituni mpakani, ilimpa Trump kura nyingi 2016 na 2020. Watu wa Vermont wanaangalia mtu. Na kwenye kura za miji midogo mingi chama hakiandikwi kabisa.

*Nimepanga tu. Kodi ya majengo inanihusu nini?*

Mwenye nyumba anaiweka ndani ya kodi yako ya pango. Jimbo lina nafuu ya wapangaji wenye kipato kidogo. Iombe kila mwaka, haiji yenyewe.

*Nilihukumiwa kifungo. Bado ni mpiga kura?*

Ukiwa raia, ndiyo. Vermont na Maine haziondoi haki hiyo hata ukiwa ndani ya gereza.

*Mji wetu ni mdogo, watu wanakutana ukumbini. Kiingereza changu hafifu, naogopa kusimama.*

Simama. Mwendesha mkutano anasoma hoja, anauliza nani anakubali, ukumbi unaitikia, kisha anauliza nani anapinga. Wazee wenye mabuti ya theluji wanahoji bei ya lori jipya hadi senti ya mwisho, na hakuna anayewacheka. Unaogopa jirani asikie sauti yako? Watafute wengine, muwe saba: wapiga kura saba wakidai karatasi, hoja hiyo itapigiwa kura ya siri. Kazini, mwarifu bosi angalau siku saba kabla; sheria inakupa ruhusa ya kuhudhuria, bila malipo, ila kama kazi itasimama bila wewe.

*Tunataka njia ya waenda kwa miguu karibu na shule. Tuseme kwenye "mengineyo" mwisho wa mkutano?*

Msifanye hivyo. Linaloamuliwa kwenye "mengineyo" haliwabani viongozi. Hoja lazima iwe kwenye tangazo la mkutano, na ili iingie mnahitaji saini za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa, zimfikie karani siku 47 kabla. Hiyo ni katikati ya Januari, na kugonga milango kwenye baridi ile kunachukua muda. Anzeni Desemba.