Magome ya mwiritsa, mzee wangu, na swali ambalo hatukuuliza

Miaka kama mitatu hivi iliyopita mzee wangu alianza kusumbuliwa na mkojo, usiku anaamka mara nne mara tano, akifika choo anasimama hapo muda mrefu na kinachotoka ni kidogo tu. Kwetu ni Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega, na mtu wa huko hahitaji kuambiwa dawa ya hiyo shida. Ni magome ya mti unaoitwa mwiritsa, unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni. Mimi niko Kisumu kwa kazi kwa hivyo nikawa natuma pesa kwa M-Pesa, mama ananunua, anachemsha, na baada ya wiki chache mzee akanipigia mwenyewe kuniambia sasa anaamka mara mbili pekee. Nilifurahi aki. Nikawaambia watu wengi sana kwamba hiyo dawa inafanya kazi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama amepimwa. Mwaka ukaisha mzee anakunywa dawa yake, halafu mgongo ukaanza kumuuma, akakonda, na tulipompeleka hospitali wakampima damu, kile kipimo cha tezi dume kinaitwa PSA, baadaye wakatoa kinyama kidogo cha tezi dume wakakipeleka maabara, ikawa ni kansa na imeshafika kwa mifupa. Bado tuko naye, anaendelea na matibabu, lakini ule mwaka mzima unaniuma mpaka leo na ndio maana nimekaa chini nikaandika hii.

Nilipoanza kusoma nilidhani nitakuta mwiritsa ni maneno ya wazee tu. Kumbe huu mti umefanyiwa majaribio Ulaya miaka mingi, dawa yake iko kwa vidonge, wanaiita Pygeum. Mwaka wa 2002 watu wa Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti na kuangalia kama zina uzito, waliweka pamoja tafiti 18 za wanaume 1,562. Waliomeza dawa ya mwiritsa walikuwa na nafasi kama mara mbili ya kusema wamepata nafuu, ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, na hata kuamka usiku kulipungua. Kwa hivyo mzee hakuwa anajidanganya. Lakini endelea kusoma. Tafiti zenyewe zilikuwa ndogo, za mwezi mmoja mpaka miezi minne hivi. Walichotumia ni dawa iliyokamuliwa kwa magome na kupimwa kwa miligramu, si maji ya sufuria ambayo leo ni mazito kesho mepesi. Na kitu kikubwa kabisa, waliojaribiwa ni wanaume wenye tezi iliyovimba ule uvimbe wa kawaida wa uzee. Hakuna aliyekuwa anajaribu kama mwiritsa unatibu kansa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mwili mmoja, mkojo unapata nafuu na kansa inaendelea na safari yake kimya kimya, na kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu kuna hili la kidonge kisicho na dawa, wengi hawalielewi, wanaona ni kama kuwachezea wagonjwa. Kuna mmea mwingine wa tezi dume unapendwa sana Marekani, unaitwa saw palmetto. Tafiti ndogo za mwanzo zilikuwa zinausifu. Mwaka wa 2006 ukajaribiwa kwa wanaume 225 kwa mwaka mzima, nusu walipewa dawa na nusu kidonge kinachofanana nayo, mgonjwa hajui amepewa gani na daktari pia hajui, hakukuwa na tofauti. Mwaka wa 2011 wakarudia kwa watu 369, wakaongeza dozi mpaka mara tatu, bado hakukuwa na tofauti. Na wale wa kidonge kitupu nao walikuwa wamepata nafuu! Sasa fikiria kila mmoja wao angekuwa kijijini anatoa ushuhuda, mimi na wewe tungekimbia kununua.

Sisemi tuache miti. Zile AL tunazomeza hapa Kisumu kila malaria ikitushika zina dawa iliyotokana na mmea wa Artemisia, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka wa 2015 kwa hiyo kazi. Lakini alitoa kile kinachoua malaria ndani ya mmea, kikajaribiwa, kikawekwa dozi. Chai ya majani yake WHO haiikubali kwa malaria mpaka leo, kwa sababu huwezi kujua umekunywa kiasi gani.

Kwa hivyo mtu akikuuzia mitishamba, iwe sokoni Kibuye ama kwa matatu, muulize imejaribiwa kwa ugonjwa upi hasa, kwa watu wangapi, na ililinganishwa na nini. Na kabla ya sufuria kuwekwa jikoni, mzee apimwe kwanza, tafadhali, hata kama anaona aibu, aongee naye yule mtoto ambaye anamsikiliza.

Ukialikwa wewe mwenyewe kuingia utafiti wa dawa, na huku kwetu si ajabu juu KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iko hapa hapa, usikimbie kwa sababu ya zile hadithi za kunyonywa damu, lakini pia usisaini kwa haraka. Fomu ya ridhaa usomewe kwa lugha unayoelewa na upewe nakala uende nayo nyumbani. Iwe na namba ya simu ya kamati ya maadili, wale wanaolinda haki za watu wanaoingia utafiti. Uambiwe wazi kwamba unaweza kutoka siku yoyote na matibabu yako ya kawaida yaendelee. Na wewe uwaambie kila kitu unachokunywa, hata majani ya mama mkwe. Yeyote anayekuomba ulipe ndio uingie kwa utafiti, mimi ningeondoka.

Mzee bado anauliza kama anaweza kurudia magome yake. Kliniki iliyopita tulibeba kipande ndani ya gazeti tukamwonyesha daktari. Alikishika, akakinusa, akauliza tunachemsha kiasi gani na mara ngapi, halafu akatuomba tungoje kwanza amalize hizi sindano. Mzee alikubali. Kile kipande tulirudi nacho nyumbani, mama amekiweka kabatini.