Je, tezi za mate zinaweza kukingwa na mionzi?

SWALI: Baba ana saratani ya koo na ataanza tiba ya mionzi, vipindi 35. Tumeambiwa mdomo utakauka. Hakuna kinga?

JIBU: Ipo, ila kazi kubwa hufanyika kabla ya kipindi cha kwanza. Ulizeni kama atapangiwa mionzi ya IMRT, ambayo kompyuta huichonga ifuate umbo la uvimbe. Lengo ni tezi zilizo mbele ya masikio zipate wastani usiozidi grei 25 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), au walau moja ibaki chini ya 20. Uvimbe ukiwa jirani na tezi, msishinikize ikwepwe, saratani kwanza.

Wengi husahau tezi za chini ya taya. Hizo ndizo hulowesha mdomo tusipokula, hasa usiku. Ndiyo maana mgonjwa hula vizuri mchana, kisha saa nane usiku huamka ulimi umegandamana na kaakaa.

Dawa? Amifostini hudungwa mshipani dakika 15 hadi 30 kabla ya mionzi, lakini hushusha presha na kutapisha, hivyo vituo vingi haviitumii. Pilokapini, kwa kawaida miligramu 5 mara tatu kwa siku, huchochea tezi zilizobaki hai tu. Mwenye pumu isiyodhibitiwa asiitumie.

Na meno! Mabovu yang'olewe wiki mbili au zaidi kabla ya kuanza. Kung'oa baadaye kwaweza kuacha mfupa wa taya usiopona.