Kabimazoli na maumivu ya koo: asisubiri

Umeuliza kama dada yako, aliyeanza kabimazoli (dawa ya kutuliza tezi ya shingo, thairoidi, inayofanya kazi kupita kiasi) wiki sita zilizopita, aendelee kuimeza huku ana homa na koo linauma. Asimeze dozi inayofuata. Aende hospitali leo hii, apimwe picha nzima ya damu, FBP, na aombe hesabu ya nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, isomwe peke yake. Jumla ya chembe nyeupe inaweza kudanganya.

Sababu ni hii: kwa watu wachache, kama 1 hadi 5 kati ya 1,000, dawa za aina hii huangusha nyutrofili, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, kidonda kidogo cha koo kinaweza kugeuka maambukizi ya damu. Kipimo cha wiki iliyopita hakisaidii kitu, maana zinaweza kuporomoka ghafla. Kununua antibayotiki dukani na kuendelea na kabimazoli ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Majibu yakiwa mazuri, daktari ataamua arudie lini. Yakiwa mabaya, hairudii tena, wala asihamishiwe propilthiourasili, dawa nyingine ya tezi hiyo, kwani nayo inaweza kuleta tatizo lilelile. (Hiyo ina balaa lake pia kwa ini, Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2010.)

Vipele vya kuwasha tu ni jambo jingine, hutulizwa kwa dawa za mzio. Macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai, hapo asimamishe dawa na apimwe ini.