Usifute "mabaki" ya Firefox kabla hujanakili folda ya profaili

Mleta uzi, ondoa mikono yako kwenye kompyuta hiyo. Umeandika kwamba jana asubuhi Firefox ilijisasisha bila kukuuliza, ikafunguka tupu kama siku ya kwanza, alamisho hazipo, nywila hazipo, mipangilio yote imeanza upya. Na kwamba kuna mdau hapo juu amekushauri uisanidue, ufute "mabaki" yake yote, kisha uisakinishe tena. Umeuliza pia namna ya kuzuia masasisho ya ghafla, na kama ni afadhali uhamie kivinjari kingine. Hayo mawili yasubiri hadi tuokoe data zako. Ushauri huo wa kufuta mabaki niliwahi kupewa mimi miaka mitatu iliyopita, nikaufuata neno kwa neno, na hadi leo nikimsikia mtu anataja mabaki ambayo si ya wali, damu inanichemka.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari. Nilikuwa na alamisho zaidi ya elfu moja, nilizozikusanya kwa miaka sita na kuzipanga kwa vidato na mada: picha za seli za kitunguu chini ya hadubini, video za kupasua chura kwa ajili ya shule zisizo na chura wala visu, mitihani ya majaribio ya mikoa mbalimbali, na kurasa za maelezo ambazo ukizitafuta leo huzipati kwa jina lolote. Folda moja niliipa jina la "Kidato cha Nne, usipoteze". Jina hilo halikuisaidia.

Wakati wa likizo fundi wa kompyuta wa shule alipita kwenye mashine za walimu wote akasasisha kila alichokikuta, bila kumwambia mtu. Kwenye yangu aliondoa toleo la biti 32 akaweka la biti 64, na kwa haki kabisa alifanya kazi yake sawasawa. Jambo ambalo mimi sikulijua ni kwamba tangu toleo la 67, lililotoka Mei 2019, Firefox huutengea kila usakinishaji profaili yake, yaani folda inayohifadhi alamisho, nywila na mipangilio yako, na huutambua usakinishaji huo kwa folda ulimowekwa. Toleo la biti 32 hukaa katika Program Files (x86), la biti 64 hukaa katika Program Files. Kwa hiyo kivinjari kilipoanza upya kilijiona kiko mahali pageni, kikajitengenezea profaili mpya kando ya ile ya zamani. Alamisho zangu hazikuwa zimepotea hata moja. Nyumba ilikuwa ileile, isipokuwa nilikuwa nimefunguliwa chumba kingine.

Mimi nikaamua kubomoa nyumba.

Ilikuwa Jumapili usiku, na kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa. Nilianza kwa kuisanidua Firefox, na hilo peke yake halikuwa na madhara, maana kuisanidua hakuigusi profaili. Hapo bado nilikuwa ninaokoleka. Lakini bingwa mmoja wa jukwaani, ambaye akaunti yake siku hizi iko kimya (nadhani amehamia kuharibu kompyuta za watu kwingine), alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba ni lazima uondoe na folda ya Mozilla iliyomo ndani ya AppData, la sivyo takataka za toleo la zamani zitarudi. Folda ya AppData huwa imefichwa, nami nilihangaika takriban dakika kumi kuifanya ionekane, yaani nilikuwa ninatoa jasho kuutafuta mlango wa msiba wangu mwenyewe. Nikaingia Roaming, kisha Mozilla, kisha Firefox, kisha Profiles. Nilikuta folda mbili, kila moja jina lake likianza kwa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote. Moja ilikuwa na tarehe ya siku ileile. Ya pili ilikuwa na tarehe ya siku tuliyofunga shule. Tarehe hizo niliziona na nilizisoma, kisha nikazichagua folda zote mbili nikabonyeza Shift na Delete kwa pamoja, kwa sababu bingwa alisema tusiache kitu hata kwenye Recycle Bin. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Mtu mzima, mwenye shahada, nikajibu ndiyo.

Kana kwamba hiyo haitoshi, nilipitisha na programu ya kusafisha kompyuta aliyoipendekeza bingwa huyohuyo, nayo ikaniandikia kwa rangi ya kijani kwamba nimeokoa megabaiti mia nne na ushei za nafasi. Nilifurahi sana. Niliisakinisha Firefox upya, ikafunguka tupu vilevile, ndipo nikarudi jukwaani kuuliza kinachofuata, na mdau mwingine kabisa akaniuliza swali moja tu: "Folda ya profaili ya zamani bado unayo?"

Msinilaumu kwamba sikuwa na akiba. Akiba ilikuwepo, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Firefox hujitengenezea yenyewe nakala za alamisho zenye tarehe, hadi nakala 15, na huzihifadhi katika folda iitwayo bookmarkbackups. Folda hiyo imo ndani ya profaili ileile niliyoifuta. Nilikuwa nimemchinja kuku pamoja na mayai.

Kesho yake nilimpelekea fundi wa mjini, akachukua shilingi 40,000 na siku mbili. Diski yangu ilikuwa ya SSD, na faili ikifutwa kwenye diski ya aina hiyo, Windows huijulisha diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo huisafisha kimyakimya. Faili pekee aliyoirudisha ikafunguka ilikuwa risiti ya kulipia king'amuzi. Nikakumbuka pia kwamba nina akaunti ya Firefox ya kulandanisha data, lakini nenosiri nilikuwa nimelisahau, nikaliweka jipya kupitia barua pepe. Sikuwa na ufunguo wa urejeshaji, na data iliyoko kwenye seva hufungwa kwa nenosiri lenyewe, kwa hiyo kuliweka jipya kuliifuta. Onyo lilikuwa limeandikwa palepale kwenye ukurasa. Nadhani unajua tayari kama nililisoma.

Sasa wewe, kabla hujagusa kitu kingine chochote, ifunge Firefox kabisa. Fungua dirisha la folda, na kwenye mstari wa anwani andika %APPDATA%\Mozilla\Firefox kisha bonyeza Enter. Nakili folda nzima ya Profiles uiweke kwenye flashi, na faili ya profiles.ini iliyo kando yake uichukue pia. Usichague faili moja moja ukidhani unajua iliyo muhimu: alamisho na historia zimo katika places.sqlite, lakini nywila zinahitaji logins.json pamoja na key4.db, na ukiiacha mojawapo ya hizo mbili, nyingine haikusaidii kitu. Chomoa flashi, iweke mbali na meza.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye Firefox uandike about:profiles kwenye mstari wa anwani. Utaona orodha ya profaili zote, na kila moja ina kitufe cha kuifungua katika dirisha jipya. Jaribu ile ambayo haitumiki sasa. Kipo pia kitufe cha kuondoa profaili, ambacho kitakuuliza kama ufute na faili zake. Hicho usikisogelee, hata kama kuna mtu ameandika kwa herufi kubwa.

Ukishanakili, andika hapa umekuta folda ngapi na kila moja ina tarehe gani, nami nitakuambia uanze na ipi. Kama Shift na Delete umeshazibonyeza, zima kompyuta sasa hivi, unijibu kwa simu.